Stroberi zina mabuu, majani yamekuwa ya shaba, nimepiga dawa mara tano: nifanyeje?

Swali limetoka kwa kijana mmoja wa Heru Juu, Kasulu. Nalifupisha kidogo: "Shikamoo bwana shamba. Nina robo eka ya stroberi, mwaka wa kwanza mambo yalikuwa fresh kabisa. Mwaka huu tangu mwezi wa saba majani yamegeuka rangi ya shaba, yanakauka pembeni, matunda mengi yamepinda kama sikio, halafu wiki iliyopita mteja wangu wa hoteli Kigoma mjini kanirudishia ndoo mbili anasema kaona vifunza vyeupe ndani. Nimepiga dawa ya viwavijeshi mara tano, mara nyingine nachanganya na ya ukungu, hakuna kitu. Naomba jina la dawa kali zaidi, au ning'oe yote nipande maharage?"

Marahaba mdogo wangu, na mwakeye hapo Heru Juu. Jina la dawa kali sikupi, na usinune, subiri nikueleze maana naona kwenye hayo maelezo yako una matatizo matatu tofauti na mawili kati ya hayo umeyatengeneza mwenyewe na hilo bomba la mgongoni. Sikulaumu, hata mi nimeshafanya hayo hayo, nitakusimulia mbele.

Tuanze na hayo majani ya shaba. Chukua jani moja la katikati, si lile changa la juu wala lile zee la chini, ligeuze upande wa chini, weka juani uangalie, kama macho hayaoni vizuri vuta kamera ya simu karibu. Nina hakika tisini kwa mia utaona vidoti vinatembea, vidogo kuliko ncha ya pini, vina rangi ya kijani hafifu au njano na mabaka mawili meusi ubavuni, na kama hali imeshakuwa mbaya utakuta na utando mwembamba kama wa buibui. Huyo ni utitiri. Sasa sikiliza kitu ambacho watu wa duka la pembejeo mara nyingi hawakwambii: utitiri si mdudu. Una miguu minane, ni ndugu wa buibui na kupe, kwa hiyo dawa nyingi za wadudu zinampitia tu kama mvua.

Na kuna kibaya zaidi ya kumpitia. Shambani kwako kuna viumbe wanaomla huyo utitiri, kuna utitiri wengine wawindaji wenye mbio, kuna vile vidudu vya mviringo vyekundu vyenye madoadoa meusi mgongoni, kuna mabuu ya nzi fulani, wote hao wanakula bure bila mshahara. Hiyo dawa yako ya viwavijeshi, nenda kasome kibandiko, kama kiambato chake kinaishia na "thrini", saipamethrini, lamda-saihalothrini na wenzake, basi hizo ni ndugu wa maabara wa pareto na zinajulikana dunia nzima kwa kuwafagia walinzi na kumwacha utitiri anakula sikukuu. Kwa joto kama la sasa, kavu na vumbi la barabara, utitiri kutoka yai mpaka mzazi anachukua wiki moja au siku kumi hivi, na jike mmoja anataga mayai kama mia. We umepiga mara tano. Yaani umemfukuza paka nyumbani mara tano af unashangaa panya wamezaana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuacha, kabisa, hata kama mkono unawasha.

Hatua ya pili ni kuhesabu. Tembea shambani kwa zigizaga uchume majani ishirini, kila sehemu jani moja, hesabu utitiri kwenye kila kijijani kimoja (jani la stroberi lina vijijani vitatu, we hesabu kimoja tu). Huko California ambako stroberi ni biashara kubwa sana, wanasema ukifika wastani wa watano kwa kijijani kabla mavuno hayajaanza chukua hatua, mmea ukishakuwa mkubwa unazaa unaweza kuvumilia hata kumi na tano mpaka ishirini. Hatupo California, ila inakupa mwanga kwamba kuona utitiri wawili watatu si msiba.

Kama wamezidi, kwanza ondoa majani ya chini yaliyokauka, yatoe shambani kabisa uchome, usiyaache pembeni ya tuta. Halafu maji. Najua maji huko kwenu kiangazi ni shida na unabeba kwa ndoo, ila utitiri anachukia unyevu, ukipiga maji kwa nguvu chini ya majani asubuhi mapema ili majani yakauke kabla ya jioni, mara mbili au tatu kwa wiki, unawapunguza sana na unaondoa vumbi ambalo ndo rafiki yao mkubwa. Mwagia maji na ile njia ya pikipiki inayopita pembeni kama unaweza. Baada ya hapo sabuni. Sabuni ya maji ya kawaida isiyo na mbwembwe, au hii yetu ya mawese ukiiyeyusha vizuri, vijiko viwili vya chai kwa lita moja ya maji, jioni jua likishalala, na lazima imguse mwenyewe maana ikikauka haina kazi tena, kwa hiyo nozeli iangalie juu kutokea chini ya jani. Sabuni ya unga ya kufulia usiguse, inaunguza. Jaribu kwanza kwenye miche mitano, ngoja siku mbili, kama majani hayajaungua ndo upige shamba zima, rudia baada ya siku tano sita kwa sababu mayai hayafi kwa sabuni.

Ikishindikana ndo tunazungumza dawa ya utitiri yenyewe, kama abamektini, lakini hiyo ni sumu kali kwa nyuki ikiwa mbichi, na usirudie hiyo hiyo kila mara maana utitiri ni bingwa wa kuzoea dawa. Salfa nayo inafanya kazi, ila usiipige jua kali na usiikaribishe karibu na mafuta ya mwarobaini, vikikutana jani linaungua.

Haya, matunda kupinda. Hapa ndo penye kisa changu.

Miaka mingi nyuma nilikuwa kwa Wanyamwezi, Sikonge, mkoa wa Tabora, nikiwa bado mgeni kwenye kazi na najiona najua. Mzee mmoja alikuwa na bustani ya matikiti karibu na msitu, nikamshauri apige dawa, na nikapiga mwenyewe kumwonesha, saa tano asubuhi maua yakiwa yamefunguka yote. Jirani yake alikuwa na mizinga. Kesho yake tukakuta nyuki wamelala chini kama pumba. Ule mzee wa mizinga hakunigombeza hata, aliniangalia tu akaondoka, na mpaka leo nikipita na bomba karibu na maua nakumbuka yale macho. Matikiti yenyewe yalizaa machache na mengi yakawa na shingo nyembamba.

Sasa stroberi. Zile punje ndogo za nje tunazoita mbegu, kila moja ni tunda lake dogo lenyewe, na ile nyama nyekundu tunayokula ni kikalio cha ua kilichovimba (ndo maana wataalamu wa mimea wanasema stroberi si beri ya kweli, wakati ndizi na nyanya ni beri, we endelea tu kuiita hivo sokoni). Kila punje ikichavushwa inatoa homoni inayofanya nyama ya pale ivimbe. Punje isipochavushwa, upande ule unabaki umesinyaa, na tunda linapinda kama sikio, kama ulivyosema mwenyewe. Ua moja linataka litembelewe na nyuki mara nyingi ndo punje zote zipate. Swali langu kwako: ulikuwa unapiga saa ngapi? Nabashiri asubuhi au mchana. Kasulu na Kibondo mna nyuki wengi na asali nzuri, watu wengine wangelipia huduma hiyo na we unaifukuza.

Ila usinielewe vibaya, kupinda kunaweza kusababishwa na vitu vingine pia. Kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vijidudu vyembamba kama vipande vya uzi, njano au kahawia, vinakimbia, hao ni thripsi. Thripsi wachache hawana neno, wakiwa wengi wanakwaruza ngozi ya tunda changa na kulifanya libabuke kahawia, hasa chini ya kile kikofia cha majani na kuzunguka punje. Namna ya kutofautisha: tunda lililokosa nyuki lina ngozi nzuri nyekundu ila umbo bovu, la thripsi lina umbo linaloeleweka ila ngozi imebabuka. Ukikuta punje ndogo ndogo zimesongamana sehemu iliyosinyaa, hazijakua, hiyo ni ya nyuki. Nitumie picha nitakwambia.

Tuje kwenye ndoo mbili zilizorudi, maana hilo ndo linaloumiza mfuko. Hao vifunza weupe karibu hakika ni mabuu ya vijinzi vile vidogo vinavyozunguka ndizi mbivu jikoni kwa mama. Vina macho mekundu, rangi ya kahawia njano. Hivyo vya kawaida havina uwezo wa kutoboa tunda zima gumu, vinataga kwenye tunda lililoiva kupita, lililochubuka, lililoguswa na konokono au ndege. Kwa joto la nyuzi 25 kutoka yai mpaka nzi kamili ni siku kama kumi tu. Maana yake kila tunda bovu unaloacha chini ya tuta Jumatatu, wiki ijayo lishakuwa kiwanda.

Yupo na ndugu yao mwingine ambaye ndo ananinyima usingizi. Jina lake la kitaalamu ni Drosophila suzukii, asili yake Asia ya mashariki, mwaka 2008 akaonekana California na Ulaya akawatia hasara wakulima wa beri vibaya mno, na mwaka 2019 alinaswa kwenye mitego huku kwetu Afrika Mashariki, Kenya. Tofauti yake ni kwamba jike ana kitu cha kutagia chenye meno kama msumeno, anakata ngozi ya tunda zima lililoanza tu kuiva, bado gumu, bado zuri, anaweka mayai ndani. We unachuma tunda safi, unapanga kwenye ndoo, mpaka linafika mjini limeanza kuvuja. Dume lake ana doa jeusi moja kwenye kila bawa karibu na ncha, unaliona hata kwa simu ukivuta. Sisemi ndo huyo yuko kwako. Nasema tega uone.

Mtego ni rahisi. Chupa ya maji ya lita moja, toboa matundu madogo kama saba ubavuni sehemu ya juu kwa msumari wa moto, upana wa nusu sentimita usizidi. Ndani weka kijiko kimoja kikubwa cha hamira, vijiko vinne vya sukari na maji kama mililita 350, ichachuke (usifunge kizibo kwa nguvu siku ya kwanza, nisije nikalaumiwa chupa ikipasuka). Siki nayo inafanya kazi, weka na tone la sabuni ili wakitua wazame. Nimewahi kutumia mabaki ya pombe ya ndizi yakaleta nzi wengi kuliko nilivyotaka. Tundika kivulini usawa wa mimea, mitego minne mitano kwa robo eka yako inatosha, pembeni zaidi kuliko katikati maana wanatokea vichakani, kwenye mapera na matunda pori. Kila wiki mwaga kwenye chujio uangalie mabawa. Ukikuta dume mwenye doa, mtie kwenye spiriti, mpeleke kwa afisa ugani wa kata na umwambie awasiliane na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, wale TPHPA ambao makao yao ni Arusha. Usiue ushahidi.

Jaribio lingine ni la chumvi, hili fanya kila kabla ya kusafirisha mzigo. Robo kikombe cha chumvi kwenye vikombe vinne vya maji, chukua matunda kama ishirini yaliyo mazuri kabisa, yabonyeze kidogo ndani ya mfuko, mimina hayo maji, ngoja robo saa. Kama kuna mabuu yatatoka yaelee juu. Afadhali uyaone we kuliko ayaone mpishi wa hoteli mbele ya watalii wanaoenda Gombe.

Sasa dawa ya hayo mabuu. Hakuna dawa unayopiga ikamfikia buu aliye ndani ya tunda na bado ukala hilo tunda. Na hapa ndo kiini cha jibu langu lote, kisome mara mbili: stroberi ina ua, tunda bichi na tunda bivu siku hiyo hiyo kwenye shina moja, na unachuma kila baada ya siku mbili. Kibandiko cha dawa kikisema subiri siku saba kabla ya kuvuna, unasubiria wapi? Ukisubiri, matunda ya siku saba yanaozea shambani na kulea nzi. Usiposubiri, unamlisha mtu sumu kwenye tunda ambalo halimenywi, linaoshwa juu juu na kupewa mtoto. Hiyo dawa yako ya mahindi haikutengenezwa kwa tunda la namna hii. Angalia kibandiko, kama stroberi haikuandikwa hapo basi usipige, hata muuzaji aape kwa mizimu yote ya Ujiji.

Kwa hiyo kazi ni ya mikono. Chuma kila baada ya siku mbili, joto likizidi chuma kila siku, asubuhi umande ukikauka tu. Beba ndoo mbili, moja ya kuuza na moja ya mabovu, na aliyeajiriwa kuchuma mlipe kwa zote mbili, la sivyo ile ya mabovu hataijaza, nakwambia ukweli huo nimeuona kwa macho yangu. Mabovu usiyatupe ukingoni, usiyafukie kwa kina cha kiganja maana nzi wanatoka, usiyatie kwenye mboji. Yaweke kwenye mfuko wa nailoni mzito, funga kabisa, uache juani siku nne tano, yatajichemsha yenyewe. Nyingine wape nguruwe kama jirani anao, siku hiyo hiyo.

Na baridi. Tunda likitoka shambani liende kivulini mara moja, na kama unaweza kupata friji au boksi lenye barafu, hata ile barafu ya wanaobeba samaki, nyuzi sifuri mpaka mbili kwa siku kadhaa zinaua mayai na mabuu madogo mengi. Matunda yasiguse barafu moja kwa moja wala maji. Kutoka Kasulu mpaka mjini kwenye buti ya gari saa saba mchana, hapo unapika jemu bila kujua.

Tunda lisiguse udongo. Weka nyasi kavu au pumba za mpunga chini, linakaa safi na vile vimende vidogo vya kahawia vinavyotoboa matunda yaliyoiva kupita havipati nafasi. Ukiona konokono chini ya nyasi, punguza unene wa matandazo. Kuna watu wanaweka neti yenye matundu chini ya milimita moja kuzuia nzi kabisa, inazuia kweli, lakini inazuia na nyuki, na bei yake kwa robo eka mi nisingekushauri.

Siku utakapohitaji kweli dawa ya thripsi au nzi, uliza yenye spinosadi. Hiyo imetokana na bakteria wa udongo aliyeokotwa mwaka 1982 kwenye kiwanda kilichokufa cha pombe kali huko visiwa vya Karibi, si kemikali ya kubuni, na siku zake za kusubiri kwa kawaida ni chache. Bado soma kibandiko, bado piga jioni nyuki wakishalala maana ikiwa mbichi inawaua, na usirudie mfululizo. Hakikisha imesajiliwa na ina maandishi ya Kiswahili, ile inayopimwa kwenye chupa ya soda iache hapo hapo.

Vidukari, hao wadudu mafuta wa kijani kwenye machipukizi, hujawataja ila ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye mmea na majani yananata, jua wapo. Sabuni ile ile inawatosha, na mwarobaini unasaidia kwa wale wadogo ingawa taratibu. Ubaya wao mkubwa si kunyonya, ni kusambaza virusi. Ndo maana hiyo miche inayoota kwenye kamba zinazotambaa usiichukue kutoka kwenye mashina yaliyodumaa na kukunjamana. Ukikuta mche umelala umekatwa shingoni asubuhi, huyo ni sota, yaani kiwavi mkata miche, mfukue kwa kidole pale pale hayupo mbali. Mche unanyauka na ukiuvuta unatoka hauna mizizi, hapo fukua utafute funza wanene weupe waliojikunja, na ujiulize samadi uliyoweka ilikuwa imeoza au uliitoa zizini moja kwa moja.

Kuhusu kung'oa upande maharage: using'oe. Robo eka ya stroberi iliyoshika ni mali, na utitiri wenyewe utapungua mvua za mwezi wa kumi na moja zikikolea. Ile sehemu iliyoungua kabisa kata majani yote uache kitovu, mwagia, itachipua upya. Mteja wa hoteli mpigie mwenyewe, usimtumie meseji, mwambie unasimamisha mzigo wiki mbili na utarudi na matunda uliyoyapima kwa chumvi, na ndoo mbili za kwanza usimchaji.

Kesho asubuhi anza na hayo majani ishirini. Ukishahesabu nitumie wastani, jina la kiambato kilichopo kwenye hiyo dawa yako, na saa uliyokuwa unapigia. Na uniambie kama sisimizi wapo.